Kiharusi na umeme wa ubongo: kwa nini kidoa kidogo kinaleta shida kubwa

Swali tunaloulizwa sana na ndugu wa wagonjwa tukiwaonyesha picha ya CT scan ni hili: daktari, mbona kidoa chenyewe kadogo hivi na mzee haongei, mkono hauinuki, miguu haina nguvu? Swali zuri sana, na jibu lake halipo kwenye kile kidoa peke yake.

Watu wakisikia ubongo una umeme wanadhani ni namna ya kusema tu, kumbe ni umeme kweli. Kila seli ya neva imejichaji, ndani ina hasi ya kama milivolti 70 ukilinganisha na nje, na chaji hiyo inalindwa na vipampu vidogo kwenye utando wa seli vinavyotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana bila kupumzika. Kazi hiyo inakula nguvu, ndo maana ubongo ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, halafu hauna akiba ya maana, unategemea damu ilete oksijeni na glukosi muda wote. Sasa donge la damu likiziba mshipa vipampu vinakosa nguvu, potasiamu inavuja nje, sodiamu inaingia na maji yanafuata, seli inavimba, chaji imekwisha.

Ila haizimiki yote kwa mpigo, na hapa naomba msome taratibu. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo zinapata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20 hivi seli zinaacha kuongea lakini bado zipo hai, zikishuka chini ya 10 ndo zinaanza kufa, na hizo zilizokufa ndo kile kidoa cha kwenye picha. Kwahiyo kuzunguka kile kidoa kuna eneo lililonyamaza tu, halijafa, linasubiri damu irudi. Dawa ya kuyeyusha donge inafuata saa, kwa wengi ni ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka skani ionyeshe kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki? Hospitali, sasa hivi, mambo ya kumlaza kwanza tuone kesho itakuwaje tuachane nayo.

Umeme huu unapimwa kwa EEG, kipimo kilichoanzia kwa Hans Berger, daktari wa Ujerumani aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924. Unabandikwa vitufe vya waya kichwani na jeli kidogo, haiumi. Tukikwambia fumba macho, nyuma ya kichwa yanatokea mawimbi yaliyopangika vizuri, kama 8 hadi 13 kwa sekunde, kulia na kushoto yanafanana. Mwenye kiharusi kikubwa upande mmoja utaona upande usio na kiharusi yanatokea kama kawaida, ule wenye kiharusi yamefifia au yamegeuka mawimbi mapana ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde, yaleyale ya mtu mzima akiwa usingizi mzito. Yaani mgonjwa yuko macho anakujibu, kipande cha ubongo wake kimelala. (Lakini msije mkadai EEG kabla ya skani, EEG haiwezi kukwambia kama mshipa umeziba au umepasuka.)

Kingine ni mawasiliano. Mwaka 1914 daktari wa neva Constantin von Monakow alieleza kwamba sehemu iliyo mbali na jeraha inaweza kupungukiwa kazi kwa sababu tu imekosa taarifa iliyozoea kuletewa. Mfano tunaouona ni ubongo mdogo kule kisogoni: kiharusi kimepiga juu kushoto, ubongo mdogo wa kulia unapunguza kazi, na damu yake haijazibwa popote. Hata nusu mbili za ubongo zinapoteana, zile zilizokuwa zinapanda na kushuka pamoja sasa kila moja na lake, na mara nyingi kadiri zinavyopoteana ndivyo mgonjwa anavyokuwa na hali ngumu zaidi. Ukimwambia akunje ngumi ya mkono mgonjwa unaweza kuona na ule usio na ugonjwa unajikunja wenyewe, sio ubishi jamani, nusu ya ubongo isiyo na kiharusi nayo imejiingiza kwenye kazi.

Kwahiyo mazoezi tunayowachosha nayo, kushika kikombe, kuachia, kushika tena mara mia, yanalenga hizo njia zilizobaki zijifunze kupitisha umeme. Miezi 3 ya mwanzo ndo ubongo unabadilika kwa kasi zaidi, baada ya hapo inaendelea pia ila polepole, na kiasi kinatofautiana mtu na mtu.

Halafu kuna wachache ambao kovu linakuja kuwasha umeme ovyo, miezi au hata miaka baadaye, anapata degedege na familia inadhani kiharusi kimerudi, wengine wanasema kachezewa. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa imechukua muda gani, mpeleke, na kama kuna mtu hapo ana simu arekodi video, inatusaidia kuliko maelezo ya watu watano.