Dhana potofu kuhusu kwenda kusikiliza okestra ya Kiromantiki

Neno lenyewe "Kiromantiki" huwapotosha wengi kabla hata hawajafika mlangoni, kwa kuwa hudhani wamealikwa kwenye nyimbo laini za mapenzi. Jina hilo ni la kipindi, yaani karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ambapo watunzi wa Ulaya walitaka muziki ubebe hisia za kila aina, zikiwemo hofu, msiba na fahari ya taifa. Katika simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, aliyoitunga Mfaransa Hector Berlioz mwaka 1830, kijana anaota kwamba amemuua mpenzi wake na sasa anapelekwa kukatwa kichwa, huku okestra nzima ikipiga mwendo wa kumsindikiza.

Wapo pia wanaoamini kwamba kumbi hizi ni za matajiri waliovaa suti. Suti nyeusi huvaliwa na wapigaji, na msikilizaji huja na nguo zake za heshima za kawaida. Mjini London, maonyesho yanayoitwa Proms, yaliyoanza mwaka 1895, tangu mwanzo yaliuza nafasi za kusimama kwa bei nafuu, na hadi leo mamia ya watu husimama mbele kabisa ya okestra, wengine wakiwa wamevaa kaptura. Ukumbi wa Musikverein wa Vienna nao una nafasi za kusimama.

Dhana ya kwamba lazima ujue kusoma noti za muziki haina msingi. Aliyekulia kwenye taarabu ya Unguja tayari anazijua sauti za fidla, selo na besi. Tofauti atakayoisikia ni kwamba katika taarabu ala nyingi hufuata wimbo mmoja, kila moja ikiupamba kwa namna yake, ilhali katika simfonia kila kundi mara nyingi hupewa njia yake, na utamu unatokana na namna njia hizo zinavyokutana.

Hapo ndipo inapoanguka hoja ya wanaosema kwamba kanda au simu inatosha. Mfano wangu ni Simfonia ya Sita ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, aliyoiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza mjini Saint Petersburg mwaka 1893, siku tisa tu kabla ya kufariki. Mwanzoni mwa sehemu yake ya nne, wimbo unaousikia haupigwi na kundi lolote kwa ukamilifu, kwani mtunzi aliugawa noti kwa noti baina ya fidla za kwanza na fidla za pili. Makundi hayo yakiketishwa pande mbili za jukwaa, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, huzuni hiyo huvuka kutoka upande hadi upande mbele ya macho yako. Katika sehemu ya kwanza kuna mahali sauti hufifia mpaka msikilizaji ashikilie pumzi, kisha okestra yote ikalipuka kwa pigo moja. Mwenye simu ataongeza sauti ili asikie mnong'ono, na pigo litamuumiza masikio. Ukumbini, ambako kwa kawaida hakuna kipaza sauti hata kimoja, vyote viwili humfikia kwa kipimo chake.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya makofi. Simfonia nyingi zina sehemu nne zenye kimya kifupi kati yake, na wengi huamini kwamba kukivunja kimya hicho ni kumkosea mtunzi. Historia inaonyesha kinyume. Desemba 1813, Simfonia ya Saba ya mtunzi Mjerumani Beethoven ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa. Januari 1859, Mjerumani mwingine, Brahms, alipopiga mjini Leipzig utungo wake wa piano na okestra, sehemu mbili za mwanzo zilipita bila yeyote kuonyesha dalili ya kuguswa, na katika barua kwa rafiki yake Joseph Joachim alikitaja kimya hicho pamoja na mizomeo ya mwishoni kama ushahidi wa kushindwa. Desturi ya kunyamaza ilishika mizizi baadaye, na ingawa binafsi naipenda, sioni kwa nini mgeni aliyepiga makofi kwa furaha akodolewe macho.

Simfonia hiyo ya Tchaikovsky huwanasa hata wazoefu, maana sehemu ya tatu inaishia kwa kishindo cha matarumbeta na ngoma kana kwamba kazi imekwisha, na mara nyingi makofi hulipuka. Yaacheni yalipuke. Kimya ninachokiombea ni cha mwisho wa sehemu ya nne, pale selo na besi zinapofifia hadi usijue zimenyamaza lini: mtazame mwongozaji, na usipige makofi mpaka mikono yake imeshuka.