"Sauti ya besi" ni sauti ipi?

Kinanda chenye staili, yaani bendi inayojipiga yenyewe ndani ya kinanda, hupiga sehemu kadhaa kwa pamoja, na kila sehemu ina kiwango chake cha sauti, kuanzia 0 hadi 127, ambacho unaweza kukipandisha au kukishusha bila kugusa nyingine. Hiyo ndiyo volyumu ya sehemu. Kwenye vinanda vya Yamaha sehemu ni 8: midundo miwili, besi, kodi mbili (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), pedi (noti ndefu za kujaza nyuma) na frezi mbili (vipande vifupi vya melodi). Korg nayo ina 8: ngoma, pakasheni, besi na usindikizaji wa 1 hadi 5. Utazikuta kwenye ukurasa wa miksa, yaani wa kupanga viwango vya sehemu. Vinanda vingi vya bei ndogo vina volyumu moja tu ya staili nzima, na hapo habari imekwisha.

Ugomvi kati ya anayeomba na mpiga kinanda unaanzia kwenye neno "sauti". Tulilitoa kwenye Kiarabu, sawt, kisha tukalitwika mizigo. Kwenye kwaya, sauti ya pili ni mstari wa kuimba. Kwenye kinanda, sauti ya piano ni aina ya mlio. Sauti kubwa ni kiwango. Kwa hiyo "badilisha sauti ya besi" inaweza kumaanisha piga noti nyingine, chagua besi nyingine, au ishushe, na mpiga kinanda hutekeleza ile aliyoielewa yeye. "Volyumu" nayo ina safari yake: volumen ya Kilatini ilikuwa gombo la kukunjwa, likawa kitabu, likawa ukubwa wa kitabu, kisha ukubwa wa chochote, sauti ikiwemo. Darasani tunaiita ujazo, lakini hakuna anayesema ujazo wa besi. Angalau haigongani na mlio.

Kinachokera zaidi ni kuichanganya volyumu na nguvu ya mguso, yaani noti ilipigwa kwa nguvu kiasi gani. Nguvu ya mguso imeandikwa ndani ya kila noti. Ukiipunguza, ngoma hubadilika hata rangi, kwa sababu kinanda huchukua mlio wa ngoma iliyopigwa taratibu. Volyumu haifiki huko: ngoma iliyopigwa kwa hasira hubaki na hasira yake, ila inasikika kama iko chumba cha pili.

Namba zenyewe pia hudanganya. MIDI ni lugha ya ujumbe ya vinanda, na General MIDI ni kanuni zake za pamoja. Kwa mkunjo zinaoupendekeza, yaani uhusiano wa namba na ukubwa wa sauti, kutoka 127 kwenda 64 unapoteza kama desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kutoka 100 kwenda 70 kama 6. Shuka hatua tano au kumi, usikilize, ndipo uendelee.

Ukibadili staili na besi ikarudi ilikokuwa, kinanda hakijaharibika. Kila staili huja na volyumu zake, zinazotumwa kwa ujumbe wa MIDI namba 7, nazo hufuta ulizoweka. Zihifadhi kwenye kumbukumbu ya rejista, mahali kinanda kinapotunza mipangilio yako, huku kundi la staili likiwa limewekewa alama ili nalo lihifadhiwe. Na kama besi bado inapanda na kushuka ndani ya mdundo, huo ni ujumbe namba 11, unaocheza chini ya dari iliyowekwa na namba 7.

Basi anayeomba "punguza sauti ya staili" wakati kodi ya pili ndiyo inayomfunika mwimbaji hajakosea sana, amekosa jina la sehemu tu. Aseme "shusha kodi 2 hadi 85".