Tume ya sanaa ya jiji: ni chombo gani, na fedha zake hutoka wapi?

Tume ya sanaa ya jiji ni chombo cha serikali ya jiji kinachoshughulikia fedha za umma zilizotengwa kwa sanaa, kazi za sanaa zinazowekwa mahali pa umma, na kumbi ambamo wakazi huendeshea utamaduni wao. Si chama cha wasanii, wala si makumbusho. Wajumbe wake hukutana hadharani, hupiga kura, na kura yao ina nguvu ya kisheria. Miji mingi ya Marekani ina chombo cha namna hii. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko huenda wamekwisha kunufaika nacho bila kukijua, pale walipopata ukumbi wa mtaa kwa bei nafuu kwa ajili ya ngoma zao, au walipoona watoto wao wakifundishwa uchoraji bure wakati wa likizo.

Mfano ninaoupendelea ni San Francisco, kwa kuwa tume yake ni ya siku nyingi na imepita katika karibu kila mtihani unaoweza kukikuta chombo cha aina hii.

Iliundwa na katiba ya jiji mwaka 1932. Ina wajumbe 15, wote wakiteuliwa na meya kwa vipindi vya miaka 4. Kumi na mmoja kati yao ni lazima wawe watu wa fani: wasanifu majengo wawili, msanifu wa mandhari, na watu wa muziki na jukwaa, uchoraji na uchongaji, uandishi na filamu. Wanne waliobaki ni wakazi wasio wasanii. Mwenyekiti wa tume ya mipango miji naye ana kiti kwa wadhifa wake. Chini yao kuna ofisi yenye mkurugenzi na watumishi wanaofanya kazi za kila siku.

Mgao huo wa viti una uzito kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Meya hachagui sanamu, wala hachagui kikundi kipi kipewe ruzuku. Huteua watu, na sheria inamlazimisha wengi wao wawe wanaojua kazi yenyewe. Msanifu majengo anapoletewa ramani ya jengo jipya la jiji anaweza kuuliza kwa nini ukuta wa mbele umekaa uchi, na mjumbe aliyekulia kwenye jukwaa anajua gharama ya kukodi vyombo vya muziki kwa usiku mmoja. Ndiyo, ramani za majengo nazo hupita hapo. Jengo lolote linalojengwa kwenye ardhi ya jiji la San Francisco ni lazima muundo wake upitishwe na tume hii.

Sasa fedha. Watu wengi hudhani tume ya sanaa huishi kwa hisani ya matajiri au kwa kubembeleza wabunge kila mwaka. Wahisani wapo, lakini uti wa mgongo ni sheria. Mwaka 1935 wapiga kura wa San Francisco walikubali sehemu ndogo ya kodi ya majengo iende kwenye okestra ya jiji, katikati ya miaka ya dhiki kuu ya uchumi, wakati foleni za kutafuta kazi zilikuwa ndefu. Mwaka 1959 Philadelphia ilianzisha utaratibu uliokuja kuigwa na miji mingi: asilimia moja ya gharama za ujenzi itengwe kwa ajili ya sanaa. San Francisco iliufuata mwaka 1969 kwa kiwango cha asilimia 2. Seattle, ambayo tume yake iliundwa mwaka 1971, ilipitisha asilimia moja mwaka 1973.

Hesabu yake ni rahisi. Jiji la San Francisco likijenga maktaba kwa dola milioni 50, dola milioni moja ni ya sanaa, na fedha hiyo imo ndani ya bajeti ya ujenzi tangu siku ya kwanza. Hakuna wa kuja baadaye kusema pesa zimekwisha. Hata uwanja wa ndege wa San Francisco, ambao ni mali ya jiji ingawa uko nje ya mipaka yake, unafuata sheria hiyo, ndiyo maana abiria anayesubiri ndege pale hujikuta kati ya michoro na michongo. Mkusanyo wote wa jiji una kazi zaidi ya 4,000, zikiwemo picha za ukutani za mwaka 1934 ndani ya mnara wa Coit, ambazo serikali kuu ililipa wachoraji waliokuwa hawana ajira ili wazichore. Tume ndiyo inayozisafisha, inayozikarabati, na inayojibu mtu akizichafua.

Chanzo kingine ni kodi ya hoteli. Mgeni anayelala San Francisco hulipa kodi juu ya bei ya chumba, na tangu mwaka 1961 sehemu ya kodi hiyo imekuwa ikienda kwenye sanaa. Mantiki yake ni kwamba mgeni haji kwa ajili ya kitanda. Huja kwa sababu mji una uhai, na wanaoutia uhai wanastahili sehemu ya fedha anayoacha. Baadaye bajeti ilipobana, uhusiano wa moja kwa moja kati ya kodi hiyo na sanaa ulilegea. Mwaka 2018 suala likarudishwa kwa wapiga kura, na zaidi ya theluthi mbili wakaamua fungu la sanaa lifungwe tena ndani ya sheria.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuamua nani asimamishwe uwanjani kwa shaba. Mwaka 2018 madiwani wa San Francisco walipitisha sheria ya kuongeza sura za wanawake katika sanaa ya umma ya jiji hadi angalau asilimia 30, na wa kwanza kuchaguliwa akawa Maya Angelou, mwandishi na mshairi aliyeishi mjini humo katika ujana wake. Utaratibu ukafuatwa: tangazo, wasanii kuleta mapendekezo, jopo la kuyachambua. Mwaka 2019 jopo likampendekeza Lava Thomas, msanii Mwafrika-Mmarekani, aliyebuni kitabu kikubwa cha shaba chenye uso wa Angelou. Diwani mmojawapo wa waliokuwa mstari wa mbele kuitetea sheria hiyo alitaka sanamu ya mtu mzima kwa mtindo uliozoeleka. Shughuli ikasimamishwa, na msanii akaambiwa mashindano yanaanza upya.

Hapo tume iliumia, na iliumia kwa haki. Mtu alikuwa ameshinda kwa kanuni zilizotangazwa, kisha kanuni zikabadilishwa baada ya matokeo. Wasanii wakapaza sauti mikutanoni. Mwaka 2020 tume ikamwomba Thomas radhi hadharani na kumrudishia kazi. Kitabu hicho cha shaba kilizinduliwa Septemba 2024 mbele ya maktaba kuu ya jiji. Nimekirefusha kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tume ya sanaa inasimama juu ya nini. Haina jeshi, na fedha zake ni ndogo ukilinganisha na za barabara au polisi. Kilichopo ni imani ya wasanii kwamba anayeshinda kwa haki atapewa kazi.

Kuondoa nako ni kazi yake. Katika uwanja wa katikati ya jiji palikuwa na mnara wa mwaka 1894, na sehemu yake moja ilionyesha Mhindi Mwekundu, mwenyeji wa asili wa nchi ile, akiwa amelala miguuni pa mmisionari na mchunga ng'ombe wa Kihispania. Wenyeji wa asili waliipinga kwa miongo kadhaa. Machi 2018 tume ilipiga kura iondolewe. Bodi ya rufaa ikaizuia. Septemba mwaka huohuo bodi ikageuza uamuzi wake, na kabla ya mapambazuko sehemu hiyo ikang'olewa. Miaka 2 baadaye, Juni 2020, umati uliangusha sanamu kadhaa katika bustani ya Golden Gate bila kusubiri kura ya mtu, jambo lililolilazimisha jiji kuunda kamati ya kupitia upya minara yake yote.

Lakini ukiniuliza ni wapi tume hugusa maisha ya watu wengi zaidi, sitakupeleka kwenye sanamu. Nitakupeleka mitaani. Mwaka 1967 San Francisco ilianzisha mpango wa sanaa za mitaa, kwa sababu fedha zilikuwa zinaishia kwenye opera na makumbusho makubwa huku mitaa ya Weusi, Walatini na Waasia ikiambulia patupu. Kutokana na msukumo huo vikakua vituo vya utamaduni katika majengo ya jiji lenyewe: kituo cha sanaa za Walatini katika mtaa wa Mission, cha Waafrika-Wamarekani eneo la Western Addition, SOMArts kusini mwa barabara ya Market, na jumba la opera la Bayview lililojengwa mwaka 1888. Jiji hubaki na umiliki wa jengo, na jumuiya huendesha shughuli. Mwenye nyumba akiwa jiji, kikundi hakifukuzwi kwa sababu kodi ya pango imepanda mara tatu mtaani.

Mwaka 1974 ofisi ya tume ilifanya jambo la ujasiri zaidi. Serikali kuu ilikuwa imetoa fedha za kuajiri watu wasio na kazi, na San Francisco ikasema msanii asiye na kazi naye ni mtu asiye na kazi. Wachoraji, wacheza dansi na wapiga muziki wakaajiriwa kwa mshahara kufundisha mashuleni na vituoni. Miji mingine, New York ikiwemo, ikafuata.

Wachuuzi wa kazi za mikono nao wamo. Anayetaka kuuza bidhaa zake kwenye maeneo maalumu ya barabarani hupewa leseni na tume, na sharti ni kwamba amezitengeneza kwa mikono yake. Hutakiwa kuonyesha kazi yake mbele ya wakaguzi ambao ni mafundi wenzake: ashone, ayeyushe, afinyange. Anayeleta vikuku vya kiwandani huonekana mara moja.

Kwenye sherehe za mitaani mkono wa tume ni mmoja kati ya mingi. Karnivali ya mtaa wa Mission, iliyoanza mwaka 1979 na hufanyika kila Mei, inahitaji barabara zifungwe, askari, vyoo, bima, watu wa kufagia. Kibali cha barabara hutoka idara ya usafiri, usalama ni wa polisi. Mfumo wa ruzuku za sanaa husaidia kulipa mavazi, mazoezi na wacheza ngoma. Kikundi kidogo kisichosajiliwa kama taasisi isiyo ya faida mara nyingi huruhusiwa kuomba kupitia taasisi iliyosajiliwa, ambayo hupokea fedha kwa niaba yake na kuzitolea hesabu. Wakimbizi wa Kongo au Burundi wenye kikundi cha ngoma katika mji wa Marekani wanapaswa kulijua hili, maana wengi hukata tamaa wakifika kwenye swali la namba ya usajili.

Na mlango wa mkutano uko wazi. Sheria ya California ya mwaka 1953 inataka ajenda ibandikwe saa 72 kabla ya kikao, na mkazi yeyote apewe nafasi ya kusema kabla ya kura.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza kama hii ndiyo BASATA yao. Zinakutana mahali pachache. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ni la nchi nzima. Husajili wasanii na kutoa vibali. Tume ya jiji la Marekani haimsajili mwimbaji wala haiwezi kufungia wimbo, kwa kuwa katiba ya nchi hiyo inalinda uhuru wa kusema. Inachoweza ni kukataa kununua, kukataa kufadhili, au kukataa kitu kisiwekwe kwenye ardhi ya jiji. Karibu zaidi na kazi zake Tanzania ni afisa utamaduni wa halmashauri, ila yeye ni mtumishi mmoja, hana wajumbe wasanii wanaopiga kura wala asilimia iliyofungwa ndani ya ujenzi wa soko au stendi. Kenya iko hatua moja mbele kwenye maandishi: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani, maktaba na makumbusho. Halisemi kaunti itenge kiasi gani, wala ni mchongaji au mtunzi yupi atakuwa na kiti pale fedha hizo zinapogawanywa. Hayo yameachwa kwa mabunge ya kaunti, na sheria ya kuyaweka iko ndani ya uwezo wao.