Semista haianzi bumu likiingia

Nina stesheneri ndogo jirani na chuo kimoja hapa Mbeya. Mashine za kutoa kopi ni mbili, na moja hununa kila umeme ukikatika na kurudi. Wanafunzi wakisubiri zamu yao huongea, nami nasikia. Mengi wanayoambiana kuhusu semista, mitihani na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) niliyaamini mwenyewe nilipokuwa nasoma Iringa, na moja lilinipa sapu, mtihani wa marudio.

"Wiki mbili za kwanza hakuna kitu"

Hii ndiyo mama yao. Mtu yuko kwao Songea au Sumbawanga, anampigia mwenzake: walimu wameanza? Anajibiwa, bado, wanagawa autilaini tu. Basi anabaki kusaidia kupanda mahindi, mvua za Novemba hazimsubiri mtu.

Hiyo "autilaini tu" ndiyo mkataba wenyewe: inasema testi ziko wiki gani, kazi zina alama ngapi, kitabu kipi kitafuatwa. Na mara nyingi siku hizohizo CR, kiongozi wa darasa, anapitisha karatasi ya makundi. Asiyekuwepo anatupwa kundi la masalia, pamoja na wengine wote ambao hawakuwepo. Kundi hilo nalifahamu kwa kazi zao. Zinaletwa kuprintiwa nusu saa kabla ya kukusanywa, kila ukurasa na fonti yake, na jina la mwanachama wa saba limeongezwa kwa kalamu.

Tena piga hesabu. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha lekcha, semina, kazi na kujisomea. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo semista ni 60, yaani saa 600. Gawa kwa wiki 15: saa 40 kila wiki, sawasawa na mtu wa ofisini. Aliyekosa wiki mbili ana deni la saa 80 kabla hajanunua hata daftari.

"Kosiweki ya kuongezea tu, mambo yote UE"

Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kosiweki, yaani testi na kazi za katikati ya semista, na 60 kwa UE, mtihani wa mwisho wa semista. Mwenye kosiweki ya 18 akitaka A ya 70 lazima apate 52 kati ya 60 kwenye UE, karibu asilimia 87 ya mtihani. Mwenye 30 anahitaji 40 tu. Wote wawili wataingia chumba kimoja siku moja, lakini mmoja ameshapanda nusu ya mlima Kitonga na mwenzake bado yuko chini anatafuta gia.

Mimi nilikuwa na 14. Kufaulu kulitaka 40, kwa hiyo nilihitaji 26 kwenye UE, na nilijiona siwezi kukosa 26. Nikapata 24. Wenzangu wako likizo, mimi niko kwenye basi narudi Iringa, Makambako, Mafinga, na desa, yaani notsi za kopi, mapajani. Na hapo nilikuwa na bahati. Viko vyuo vyenye kiwango cha chini cha kosiweki, usipokifikisha hata mlango wa UE huufungui.

"Nikisoma mara tano inakaa"

Dada mmoja alikuja kutoa kopi ya desa ambalo lote lilikuwa la njano. Kalamu ya kung'arisha ilikuwa imepita kila mstari, mpaka namba za kurasa. Nilimuuliza, sasa kipi ndicho muhimu? Akacheka.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio kuhusu jambo hilihili. Wanafunzi waliosoma na kurudia kusoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Walipopimwa baada ya siku 2, na baada ya wiki, walioshinda ni wale waliokuwa wamefunika maandishi na kujaribu kuyakumbuka. Ndiyo maana kurudia kunadanganya: ukifunga desa usiku huohuo unajisikia umeiva. Chukua karatasi tupu, andika unachokikumbuka cha lekcha ya Jumatatu, kisha fungua uone ulipoacha mashimo. Mimi nauza kopi, sina faida yoyote kukwambia hivi.

Na pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita, zitolewe mapema zifanyiwe hivyohivyo. Foleni yangu ya kuzitafuta huanza wiki moja kabla ya UE, wakati wa kujipima umekwisha na umebaki wa kukariri majibu.

Kukesha nako ni kulekule. Ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala. Isitoshe, UE ya semista ya pili huangukia kwenye baridi yetu ya Juni na Julai, alfajiri chini ya nyuzi 10. Mtu aliyekesha ndani ya blanketi saa tisa usiku anasoma mstari mmoja mara nane.

"GPA nitaifidia mwaka wa tatu"

Utafidia, ila uone bei yake. GPA, wastani wa ufaulu wako, hujumlishwa tangu mwaka wa kwanza. Ukianza na 2.8 na unataka daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, miaka miwili iliyobaki lazima uwe na wastani wa 3.85.

"Bumu likiingia nitajipanga"

Bumu linamtaka mtu aliyekwisha kusajiliwa chuoni na kusaini, na haliangalii siku uliyoshuka stendi. Mwenye geto (chumba cha kupanga) naye anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo fika na hela ya wiki mbili tatu, hata kama ni mchele na maharage ya nyumbani.

Likiingia, kosa linageuka. Kijana anaona laki sita kwenye simu, haoni kwamba ni elfu kumi kwa siku, kwa siku 60.

Kuna binti wa mwaka wa pili ambaye siku hiyo hupita dukani kabla ya kwenda popote, ananiachia elfu kumi na tano za kopi za semista nzima. Namwandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, maana hapo mdaiwa ni mimi. Juzi alipokuja nilimsomea: "Umebakiza elfu tatu na mia nne." Akasema, "Dada, ndiyo testi ya mwisho hiyo."