Alama 1500 za SAT hazimhakikishii mtoto nafasi Marekani

Ujumbe huu kuhusu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, haukauki kwenye magrupu ya wazazi hapa Mwanza: "Mtoto akipata 1500 kwenye SAT, vyuo vikubwa vya Marekani vinampokea na kumlipia kila kitu." Mama anayeuza dagaa Kirumba akiusoma, anaweza kumaliza akiba yake yote kwa tuisheni ya mtihani mmoja.

Si kweli. SAT, ambayo alama zake ni kati ya 400 na 1600, ni sehemu moja tu ya maombi. Vyuo husoma pia matokeo ya shule, insha na barua za walimu. Vile vinavyochagua sana huchukua chini ya waombaji 10 katika kila 100, na wengi wanaoachwa wana alama za juu. Ufadhili nao ni suala jingine: kwa mwanafunzi wa kigeni, vyuo vingi hutazama uwezo wa familia kulipa kabla ya kumpokea. Hapo ndipo watoto wetu wengi hukwama, na ujumbe ule haupagusi kabisa.

Mkanganyiko unaeleweka. Kwetu ufaulu wa kidato cha sita ndio unaoamua nani aingie kozi gani, basi tunadhani na kwingine ni vivyo hivyo.

Fungua tovuti ya chuo chenyewe, ukurasa wa waombaji wa kimataifa. Tazama kama SAT inatakiwa (tangu 2020 vingi havilazimishi, baadhi vimeirudisha) na kama uwezo wa kulipa unazingatiwa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa upole, umwekee linki ya ukurasa huo.