Ngozi ya nyutroni ndani ya chubwi

Jumamosi pale Mwaloni Kirumba nilinunua chubwi moja ya risasi. Muuzaji akauliza, "Moja tu, mwalimu? Na nyavu je?" Nikamwambia ni ya kuweka mezani. Akacheka, akanifungia kwenye kipande cha gazeti.

Zaidi ya nusu ya atomu zilizomo ni risasi-208, ambayo kiini chake, yaani kitovu cha atomu, kina chembe za aina mbili: protoni 82 na nyutroni 126. Nyutroni zimezidi kwa 44, na ziada hiyo ina gharama yake. Tunaiita nishati ya ulinganifu.

Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, tazama nyumba za Mwanza zilivyopanda milima ya mawe. Waliowahi walijenga chini; waliochelewa wanapandisha ndoo za maji hadi juu. Sasa wape protoni mlima wao na nyutroni wao, urefu wa kupanda uwe ndiyo nishati, na kiwanja kikishajaa hakiongezwi mtu. Milima ikijaa sawa, hakuna anayepanda sana. Ukizidisha nyutroni, za mwisho zinaishia kwenye majabali ya kileleni, ilhali ng'ambo kuna viwanja vitupu. Katika maada ya nyutroni tupu, kupanda huko peke yake kunagharimu takriban MeV 12 kwa kila nyutroni (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Nyingine kama 20 zinatokana na nguvu ya kiini yenyewe: protoni na nyutroni huvutana zaidi kuliko nyutroni kwa nyutroni. Ndiyo maana protoni moja na nyutroni moja hushikamana, lakini nyutroni mbili peke yake hazishikamani.

Hapo mfano wangu unaanza kuchechemea, kwa sababu mlima wenyewe unabadilika kulingana na wakazi. Penye nyutroni nyingi, protoni hukuta bonde lenye kina zaidi, na nyutroni hukuta lililoinuka. Mwanafizikia Lane aliliandika hilo mwaka 1962: nyongeza ileile, ila ishara zinapingana.

Gharama hukua kwa mraba wa ziada. Kwa risasi, 44 kwa 208 ni kama 0.21, mraba wake mara 32 (zile 12 na 20) unatoa takriban MeV 1.4 tu kwa kila chembe. Gundi inayoshikamanisha maada ya kiini ni MeV 16 kwa kila chembe, kwa hiyo deni hilo linalipika. Lakini nyutroni zikiwa tupu, 32 zinameza 16 zote na bado zinadai. Ndiyo maana nyota ya nyutroni, ambayo karibu yote ni nyutroni, haishikwi na nguvu ya kiini hata kidogo. Inashikwa na uvutano wa uzito wake yenyewe.

Kinachotugombanisha ni kasi ya gharama hiyo kupanda maada inaposhindiliwa. Ikipanda haraka, msukumo huzitoa nyutroni za ziada nje ya kiini, zikawa kama ngozi, na msukumo huohuo huipanua nyota. Mwaka 2021 maabara ya Jefferson, Marekani, ilitangaza kipimo cha jaribio liitwalo PREX-2 kwa risasi-208: ngozi ya femtomita 0.28 (femtomita ni sehemu moja ya trilioni ya milimita), nene kuliko wengi tulivyotarajia. Mwaka uliofuata, maabara hiyohiyo ilipima kalsiamu-48 ikapata 0.12, nyembamba. Kuna nadharia chache sana zinazozibeba namba zote mbili bila kuchanika. Kwa maoni yangu, tusikimbilie kuifumua nadharia, kwani kosa linalowezekana katika kipimo cha risasi ni 0.07, si dogo.

Mainz, Ujerumani, wanajenga kichapuzi, mashine ya kukimbiza chembe, kiitwacho MESA, na kupima upya ngozi ya risasi kumo kwenye mipango yao.