Bahari Isiyo na Mlango

Mazungumzo ya bandari yakipamba moto hapa Mombasa, hakosi mtu wa kusema Kazakhstan ina bahari, kwani ramani inaonyesha Bahari ya Kaspi ubavuni mwake. Wa pili humuunga mkono: mbona Uganda nayo ina Port Bell, bandari yake ya Ziwa Victoria?

Maana yenyewe ni fupi. Nchi isiyo na bahari ni ile isiyo na pwani kwenye bahari kuu wala kwenye bahari iliyoungana nayo. Bahari ya ndani ni maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu pande zote. Basi.

Kinachowachanganya watu ni ukubwa na chumvi. Kaspi ina kilomita za mraba zipatazo 370,000, zaidi ya mara tano ya Ziwa Victoria, na maji yake ni ya chumvi kweli, ingawa ni kama theluthi ya chumvi utakayoionja pwani ya Nyali hapa Mombasa. Lakini uso wake uko takriban mita 28 hadi 29 chini ya usawa wa bahari kuu. Mito huingia, hakuna unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Ndiyo maana Kazakhstan, Turkmenistan na Azerbaijan, licha ya bandari zao huko, zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zinazoendelea zisizo na bahari. Urusi na Iran hazihesabiwi kuwa nchi zisizo na bahari kwa kuwa zina pwani kwingine.

Hapo mjuaji atakutolea mfereji wa Volga-Don, uliofunguliwa 1952, unaounganisha mto Volga uingiao Kaspi na mto Don. Sawa, meli hupita humo zikaenda hadi Bahari Nyeusi. Ila mfereji wote umo ndani ya Urusi, una malango 13 ya kupandisha na kushusha meli, hufungwa wakati wa baridi kali, na meli inayozidi tani 5,000 hivi haipiti. Haya majimeli ya makontena tunayoyaona yakiingia Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, yasahau kabisa. Na Urusi ikikataa, umekwama.

Mawakala wetu wa forodha hawahitaji kuelezwa haya. Kontena la Kampala likishuka Kilindini huweza kukatiwa bondi, yaani dhamana ya ushuru, hufungwa kufuli la kielektroniki, ndipo lishike njia ya mpaka wa Malaba likiwa chini ya sheria za Kenya mpaka livuke. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa Uganda haki ya kupitisha mzigo wake, lakini masharti ya safari hiyo lazima yakubaliwe na nchi inayopitiwa. Mzigo wa ng'ambo unaofika Port Bell umeshapita Kenya au Tanzania.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema Uganda ina ziwa na bandari ya ziwa, na Kazakhstan ina Kaspi na bandari zake. Hapo hujakosea. Baharini, zote mbili huenda kwa kupitia kwa jirani.